Namba ya Fundi Waya

Simu ya marehemu iliita hata viti vya kuazima havijarudishwa kwa wenyewe. Ilikuwa juu ya kabati, imechomekwa chaji, na hakuna aliyekumbuka nani aliichomeka. Wanawake waliokuwa wakiosha vyombo uani wakageuza vichwa. Mjane, ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi Uzi kwa sababu ya cherehani yake, akainuka mwenyewe kuifuata. Kwa miaka mingi alikuwa na ugomvi wake na simu ile, na hakutaka mtu mwingine aishike.

Aliyepiga alikuwa karani wa shule ya sekondari. Alitoa pole, akarudia pole, akakohoa, akasema anaona aibu hata kuuliza, lakini je, mama anaweza kuangalia kama kuna ujumbe umeingia sasa hivi wenye namba? Fundi Uzi akaangalia. Kweli ulikuwapo: namba kavu bila salamu, na chini yake onyo kwamba usimpe mtu yeyote. Akamwambia karani kwamba hapa naambiwa nisimpe mtu. Karani akasema ndiyo mama, huwa wanasema hivyo, ila hiyo ni yetu.

"Kama ni yenu, mbona imekuja kwetu?" akauliza Fundi Uzi.

Swali zuri hilo, na kulijibu ni kusimulia maisha ya mumewe yote.

Mumewe, ambaye watu walimwita Fundi Waya, alianza na redio. Zamani hizo ukipita dukani kwake unakuta redio zimefunguliwa matumbo, na yeye katikati yake anapuliza vumbi. Redio zikapungua, kompyuta zikaja, naye akahamia huko bila kuaga mtu. Akaunganisha kompyuta za shule, akafunga printa kwenye maduka, akakaa na wauza dawa kuwaonyesha jinsi ya kuingiza mzigo unaokuja na kutoa unaouzwa, ili dawa isiwaishie bila wao kujua. Hakusomea chuo chochote cha maana, na hakudai kwamba amesoma. Alipokwama alikwama waziwazi, akaenda kuuliza.

Halafu ikatoka amri kwamba shule zote zipeleke mambo yao kwa mtandao: majina ya wanafunzi, alama, mahudhurio ya walimu, mpaka idadi ya madawati mabovu. Wafanyabiashara nao wakaambiwa vivyo hivyo, kodi kwa mtandao, leseni kwa mtandao, oda kwa mtandao. Watu walichanganyikiwa, we acha tu. Na kila mfumo ulitaka namba ya simu, ili ukitaka kuingia utumiwe tarakimu chache za kuthibitisha kwamba wewe ndiye wewe. Sasa watu wa mji ule walikuwa wanabadilisha laini kama mashati. Leo bando la huku nafuu, kesho la kule. Mwalimu mkuu alikuwa mtu mzima mwenye heshima zake, lakini simu alizodondosha kwenye maji ni yeye na Mungu wake wanaozijua. Ungemwekea namba gani mtu wa namna hiyo?

Ndipo Fundi Waya akafanya jambo lililoonekana la akili siku ile. Alisema, "Wekeni yangu. Mimi sibadilishi namba."

Basi wakaweka yake. Shule ya sekondari, shule za msingi, maduka ya dawa, duka la vifaa vya ujenzi, karakana ya magari, mwenye mashine ya kusaga. Kila mmoja alikuwa na ufunguo wa mlango wake mfukoni, lakini kompyuta ya ofisini haikufunguka mpaka ipitie kwenye mfuko wa shati la Fundi Waya. Hakuna aliyeliona hilo kuwa kosa. Waliliona kuwa urafiki.

Na mwenyewe alivyokuwa anaringa nalo! Mnakula, simu inalia, anaacha tonge hewani na kuanza kusoma tarakimu mdomo umejaa. Fundi Uzi aliiita simu hiyo mke mwenzangu. Mke mwenzangu anakuita, angesema, na kumsukuma kwa kiwiko. Walikuwa wakicheka, lakini si kila siku. Zipo siku alimwambia bila kuuma maneno kwamba amechoka kula na mji mzima. Na moyoni, ukweli usemwe, aliamini mumewe anachezea muda, kwamba mwanaume mzima hawezi kuwa na kazi ya kuwasomea watu namba. Halafu kifua kikambana asubuhi, na jioni hakuwapo.

Siku ile Fundi Uzi alimsomea karani zile tarakimu. Karani akasema imekubali, akashukuru, akakata. Shemeji yake, mdogo wa marehemu, alikuwa amesimama pale mlangoni anasikiliza. Shemeji hakuwa mtu mbaya, ila alipenda mambo yaishe. Alisema simu ile izimwe na laini ifungwe, kaka apumzike. Fundi Uzi akasema sawa shemeji, kesho. Kesho yake kabla maji ya chai hayajachemka ikaita, mwenye duka la dawa yuko nje ya mfumo na wagonjwa wako foleni. Ungezimaje?

Ndivyo mjane alivyojikuta ameirithi kazi ambayo hakuiomba. Simu ikahamia kwenye mfuko wa aproni yake, karibu na mkasi na futi ya kupimia. Akajifunza nani huamka mapema, nani huahirisha kila kitu mpaka dakika ya mwisho, nani akiona kioo kimeandika kosa hulia kama amefiwa. Mwenye duka la vifaa vya ujenzi, ambaye watu walimwita Saruji, alisahau neno lake la siri kila wiki na kupiga kelele kwenye simu utadhani aliyesahau ni Fundi Uzi. Mjane alikuwa anamsubiri amalize, kisha anamsomea namba.

Lakini kilichomnasa si namba. Wale watu hawakuwa wanachukua tarakimu zao na kukata. Wakishaingia wanavuta pumzi, halafu wanamkumbuka Fundi. Karani alimsimulia siku printa ya shule ilipogoma asubuhi ya mtihani, karatasi hazijachapwa, walimu wanatazamana. Fundi alikuwa anapita kwenda harusini. Akapiga magoti sakafuni kwenye korido na suti yake, akaifungua printa yote, akaiosha, akairudisha, na mtihani ukaanza kwa wakati. Suti hiyo Fundi Uzi aliikumbuka. Alimsema mumewe njia nzima kwa ajili ya wino magotini, akamwita mtu asiyejua kuvaa, na yeye akacheka tu, akasema nilianguka.

Kwa nini hakuniambia? alijiuliza. Kwa sababu hukuuliza, akajijibu, na jibu lenyewe lilimuuma.

Mwenye duka la dawa naye alikuwa na lake. Fundi ndiye aliyeipanga kompyuta yake iwe inamwonya dawa zikikaribia kuisha, na tangu hapo hajamrudisha mgonjwa wa sukari mikono mitupu. Mwenye karakana alikuwa na lake. Kila aliyepiga alikuwa na kipande. Fundi Uzi akawa anamjua mumewe upya, kwa vipande, kutoka kwa watu wenye haraka. Alifurahi na aliona wivu, vyote kwa pamoja. Simu ikilia alikuwa anaacha nguo chini ya sindano na kuikimbilia. Ilimradi inalia, mtu wake alikuwa bado yuko kazini mahali fulani, anatafutwa, anahitajika, atarudi akichelewa kama kawaida yake. Alijua huo ni ujinga. Alijiambia hivyo kwa sauti, peke yake pale kwenye cherehani, na bado akaikimbilia.

Mwalimu wa kompyuta ndiye aliyekuja na habari ambazo hakutaka kuzisikia. Alikuwa binti mpole, ameajiriwa pale shuleni hivi karibuni, na alimwamkia kwa adabu kabla ya kukaa. Akaeleza taratibu. Laini ni ya marehemu, na kampuni ya simu ikijua itaifunga wakati wowote. Siku ikifungwa, mji mzima umefungiwa nje, shule na maduka, na kuvirudisha ni safari za ofisi kwa ofisi. Dawa yake ni nyepesi: watu wote waje siku moja, kila mmoja aingie kwa namba ya Fundi mara ya mwisho, abadilishe, aweke yake mwenyewe. Baada ya hapo mama hatasumbuliwa tena.

Fundi Uzi alisema ni wazo zuri sana. Akasema wiki ijayo. Wiki ijayo ilipofika alikuwa na oda ya sare. Iliyofuata alikuwa na mafua. Kisha simu ikawa na matatizo ya chaji, simu hiyo hiyo ambayo jana yake ilifanya kazi mchana kutwa. Uongo wake ulikuwa mwembamba kiasi kwamba hata yeye alikuwa anauonea huruma.

Mitaani watu wakaanza kusema mama wa watu anataka kitu kidogo. Saruji, ambaye mambo yote aliyaelewa kwa njia moja, akamtumia mfuko wa saruji kwenye mkokoteni, na salamu za shukrani juu yake. Fundi Uzi alisimama mlangoni, akamuuliza mwenye mkokoteni anatakiwa amjengee nani, akaurudisha. Saruji akadhani mmoja haukutosha. Kesho yake ikaja miwili.

Mwalimu wa kompyuta peke yake hakudhani hivyo. Siku moja alikuja bila laptopu, akakaa akimtazama anavyoshona, kisha akauliza mama unaogopa nini. Fundi Uzi akasema haogopi kitu, ana kazi, na akakanyaga cherehani kwa nguvu mpaka mazungumzo yakawa hayawezekani.

Ikafika siku ya mwisho ya kuandikisha wanafunzi wa mtihani wa taifa. Karani alikuwa amemwambia mapema, na Fundi Uzi aliliweka moyoni: mfumo unafungwa jioni, na mwanafunzi ambaye jina lake halimo anakaa nyumbani mwaka mzima. Asubuhi yote alikaa na simu karibu. Haikulia, maana mtandao wa shule ulikuwa chini. Mchana akamwagikiwa na mafuta ya cherehani, akabadilisha aproni, akaona vifungo vimemwishia, akafunga mlango na kwenda sokoni. Huko akachagua vifungo, akabishana bei, akakutana na shoga yake wa siku nyingi wakasimama kidogo. Ile aproni ya kwanza ilikuwa nyuma ya mlango, na simu ndani yake.

Aliporudi alimkuta mwalimu mkuu amekaa kwenye ngazi ya mlango wake. Mtu mkubwa vile, na tai yake, amekaa pale Fundi Uzi anapoanikaga ndoo. Pembeni yake mwalimu wa kompyuta alikuwa na laptopu mapajani, na karani amesimama na simu sikioni. Ndani ya nyumba, nyuma ya mlango uliofungwa, simu ya Fundi Waya ilikuwa inalia.

Vifungo vilimdondoka vikatawanyika uani. Alifungua mlango, akaichomoa simu kwenye aproni. Jumbe zilikuwa zimeingia moja baada ya nyingine, na zote zilikuwa zimekwisha muda wake. Mfumo ulikuwa umekasirika kwa kujaribiwa mara nyingi, umewaambia wasubiri. Basi wakasubiri, wote wanne, chini ya magauni yaliyoning'inia bila mikono. Fundi Uzi alitazama ukutani sare mpya zilizopangwa. Wengine katika wale wanafunzi aliwashonea sare ya kwanza kabisa, alipima mabega yao wakiwa wanachezacheza hawatulii. Na sasa mwaka wao ulikuwa umeshikwa na aproni yake.

Mfumo ulipokubali kuwasikiliza tena, ujumbe ukaja. Akasoma, akakosea. Mwalimu wa kompyuta akamshika mkono, akamwambia polepole mama, anza upya. Akaanza upya. Imekubali. Kisha kazi ya kupeleka majina, na mtandao unajikokota, na jua nje linaondoka, mpaka binti yule akafunga laptopu na kusema wote wameingia. Karani alikaa chini sakafuni pale pale aliposimama. Mwalimu mkuu alijifuta jasho kwa ncha ya tai, akanyanyuka.

"Mama, sikulaumu," alisema. "Lakini mzee aliweka namba yake ili watu wasihangaike. Leo wamehangaika."

Walipoondoka Fundi Uzi alitoka uani kuokota vifungo. Aliviokota vichache, akakaa kwenye ngazi ile ile na kulia. Alilia kwa aibu kwanza. Kuliko kumpoteza mumewe, kilichomchoma saa ile ni kwamba alikuwa ameichukua kazi ya mtu mwema na kuifanya iwe ya kuwaumiza watu, kwa sababu tu hakutaka nyumba iwe kimya. Asubuhi alimpigia mwalimu wa kompyuta mwenyewe, akamwambia njoo na laptopu, na wote waambie.

Walikuja Jumamosi. Aliisafisha meza ya kukatia nguo, akaweka viti, akaiweka simu katikati. Mtu anakaa, mwalimu anafungua akaunti yake, simu inatikisika, Fundi Uzi anasoma, mwalimu anabadilisha, basi, anayefuata. Saruji alikuwa hajui namba yake mwenyewe kwa kichwa, ikabidi ampigie mkewe amuulize, na watu wakamcheka mpaka naye akacheka. Alipomaliza aliomba radhi kwa ile mifuko. Fundi Uzi akamwambia asijali, siku akijenga atamtafuta. Mwenye duka la dawa alichelewa kuondoka, alikuwa kama mtu aliyesahau kitu. Karani alimkumbatia. Mchana ulipopita, mtu wa mwisho aliinuka na kiti kikabaki wazi.

Mwalimu wa kompyuta alipitia tena akaunti zote, akasema nadhani hao ndio wote, lakini huenda wapo tusiowajua, kwa hiyo mama usiifunge laini bado. Akaaga.

Halafu ukaja ule ukimya. Jumapili, Jumatatu, siku zikaendelea. Cherehani ilikuwa na kelele kuliko alivyowahi kuijua. Aliendelea kuichaji simu, akaendelea kuivaa kwenye aproni, na ilikuwa nzito bure. Shemeji alipita, akasema sasa naona tunaweza kuifunga. Akamwambia bado kidogo, na safari hii hakuwa na sababu ya kumpa.

Iliita siku alipokuwa anakata kitambaa. Namba hakuijua. Sauti ilikuwa ya mzee, na nyuma yake upepo mwingi na watoto wanasoma kwa pamoja. Alijitambulisha kuwa ni mwalimu wa shule ndogo huko milimani, ile ambayo mtandao unashika kwenye dirisha moja tu, na kompyuta yao moja wameiweka dirishani hapo hapo, kama Fundi alivyowaagiza. Wamekaa siku nyingi bila kuingia kwa sababu ya mvua. Leo wamepata. Alikuwa mchangamfu, ana habari nyingi za watoto wanavyoandika majina yao kwenye kioo cha kompyuta, anataka kuzisema kwa mwenyewe.

"Hebu nipe Fundi," alisema.

Fundi Uzi akaweka mkasi chini. Wote waliopiga tangu siku ile walijua. Walianza na pole, wakamzungumzia marehemu, na hakuna hata mmoja aliyeomba kuongea naye. Huyu aliomba. Na jibu lilikuwa tayari mdomoni, jibu alilolitoa miaka yote ya ndoa yake bila kufikiri: ametoka kidogo, nikwambie nani? Lingetoka lenyewe. Mzee angesema sawa, nitapiga kesho, na kule mlimani Fundi Waya angekuwa hai mpaka kesho, na kesho kutwa, kadiri mjane wake atakavyotaka.

"Fundi amefariki," akasema.

Alijisikia akisema. Neno hilo daktari alimwambia yeye, shemeji aliwatangazia watu, majirani walilinong'ona uani. Yeye mwenyewe hakuwa amelitamka kwa mtu yeyote. Kule mlimani mzee akaanza kulia, akilia wazi kama mtu asiye na wa kumwona, na mwanamke ambaye alipewa pole mpaka akalichukia neno lenyewe akajikuta anampa yeye. Akamwambia pole baba, pole sana. Akamweleza ilivyokuwa, kwamba kifua kilimbana asubuhi, kwamba haikuchukua muda, kwamba watu walijaa na shule zote za mjini zilikuja. Wakati anaeleza, simu ikatikisika sikioni. Ujumbe ulikuwa umeingia.

"Baba, una kalamu?"

Mzee akasema anayo.

"Basi futa machozi uandike, maana hizi hazisubiri. Na wiki hii nitakuja huko na mwalimu mmoja, tukuwekee namba yako mwenyewe."

Akamsomea tarakimu moja moja, na mzee akawa anazirudia nyuma yake kwa sauti ya kilio, mpaka ya mwisho, akasema imekubali.